Fundi mmoja anasema RAM, mwingine prosesa, wa tatu anasema ninunue mpya: kompyuta yangu ni nzito, kifaa gani kinanibana?

#1 Mama Stesheni (Morogoro)
Wakuu, salaam. Nina duka la steshenari karibu na chuo. Kazi zangu ni kuchapa barua, kuskani vyeti, kuwajazia watoto maombi ya mkopo HESLB na ya ajira, na kutoa kopi. Kompyuta ni ya mezani, mtumba, ina karatasi imeandikwa Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 4, hadi diski GB 500, Windows 10. Asubuhi naiwasha, nafagia, napanga rimu, nikirudi bado inazungusha vidoti. Nikifungua Word na brauza kwa pamoja, mteja anasimama mpaka anahamia duka la jirani.

Fundi wa kwanza kasema niongeze RAM. Wa pili kasema prosesa imechoka. Wa tatu hata boksi hakufungua, kasema hiyo ni ya kutupa, na mpya anazo yeye. Mimi sitaki kuambiwa "nunua hiki" peke yake. Nataka kuelewa ndani ya lile boksi mna nini, kila kimoja kinafanya kazi gani, na nitatambuaje kinachonichelewesha. Hela yenyewe ni ya mtaji, siwezi kuitumia kubahatisha.

#2 Bingwa255
RAM. Hakuna mjadala hapo. GB 4 siku hizi ni ya kuwashia tu.

#3 Nyamwezi Halisi
@Bingwa255 umejuaje hata hujauliza swali moja? Microsoft wenyewe kiwango cha chini cha Windows 10 ya biti 64 waliweka RAM GB 2. Mama ana mara mbili yake.

#4 Bingwa255
Hicho ni kiwango cha kuwaka, mkuu. Kufanya kazi ni jambo lingine. Fungua mfumo wowote wa maombi kwenye brauza, weka na vyeti vya PDF pembeni, halafu uniambie GB 2 imetosha.

#5 Mzee wa Saketi (Dar)
Mama, swali lako ni zuri kuliko majibu uliyopewa na wale watatu. Ngoja nikueleze taratibu, ukimaliza hapa fundi yeyote akija utamsimamia.

Ukifungua pembeni ya boksi, bamba kubwa la kijani au jeusi lililojaa vichipu ni madabodi. Yenyewe haihesabu wala haihifadhi nyaraka zako, inaunganisha. Kila kifaa kingine kimechomekwa hapo na kinaongea na mwenzake kupitia njia zilizochorwa ndani yake.

Chini ya feni ya katikati kuna hitisinki, lile fungu la mapezi ya alumini, na chini yake ndipo ilipokaa prosesa, kibati cha mraba kidogo kuliko kiberiti. Kazi yake ni kuchota agizo, kulifasiri, kulitekeleza, na kuchota lingine. Za ofisini za kizazi chako nyingi ni i5-4570 au ndugu zake. Hiyo 4570 ilitoka 2013, ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, na inapiga GHz 3.2, yaani mapigo bilioni 3.2 kila sekunde. Kwa kuchapa barua hiyo prosesa ina nguvu ya kubaki. Aliyekwambia imechoka aeleze ameipima kwa kitu gani.

Sasa RAM na hadi diski, hapa ndipo watu wanapochanganya kwa sababu vyote vinapimwa kwa GB. Chukua fundi cherehani. RAM ni meza yake, pale anapotandika kitambaa anachokishona sasa hivi. Diski ni kabati la nyuma ambako vitambaa vyote vya wateja vimekunjwa. Kitambaa hakishonwi kikiwa kabatini, lazima kije mezani. Umeme ukizimika meza inasafishwa yote, kabati linabaki na vyake. Na meza ikijaa, fundi anaanza kukunja kimoja kukirudisha kabatini ili atandike kingine, na kila safari ni muda.

Safari hiyo ni ndefu kiasi gani? RAM inajibu ndani ya nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) mia hivi. Hadi diski, yenye sahani zinazozunguka na kichwa cha kuzisoma, inajibu ndani ya milisekunde (sehemu ya elfu ya sekunde) kumi na kitu. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya mara laki moja. Kwa hiyo Bingwa anaweza kuwa sahihi kwamba RAM yako ni ndogo, lakini maumivu unayasikia kwenye diski.

Pawa saplai ni lile boksi la chuma ambamo waya wa ukutani unaingia. Linageuza umeme wa TANESCO kuwa volti 12, 5 na 3.3 za mkondo wa moja kwa moja. Betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inatunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Kadi ya grafiki kwenye mashine kama yako mara nyingi hakuna ya peke yake, picha inachorwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa, na inakopa kipande cha RAM hiyo hiyo ya GB 4.

#6 Chungwa la Tanga
Mzee wa Saketi leo umetushonea suti kabisa. Nimefundishwa kompyuta shuleni miaka mingi, tukakariri "vifaa vya kuingizia na vifaa vya kutolea", hakuna aliyetuambia kwa nini RAM na diski ni vitu viwili.

#7 Mtu wa Shangani (Unguja)
Waungwana, mnaenda mbali. Huku kwetu tukipokea mashine nzito, kitu cha kwanza tunafungua na kupuliza vumbi. Joto ndilo linaloua. Ile grisi nyeupe baina ya prosesa na hitisinki ikikauka, joto halipandi kwenye mapezi. Prosesa za aina hiyo zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Mwenye mashine ataona nzito, atanunua RAM, na uzito ubaki pale pale. Mama, feni yako inavuma kama jenereta?

#8 Kibodi Kavu (Arusha)
@Mtu wa Shangani joto ni kweli, ila soma maelezo yake. Anasema nzito ni asubuhi inapowaka. Mashine imelala usiku kucha, imepoa. Joto lingeileta taabu mchana ikishafanya kazi, si dakika za kwanza.

#9 Mtu wa Shangani
Grisi ikiwa imekauka kabisa, au hitisinki imelegea pini moja, haihitaji mpaka mchana. Dakika moja inatosha kufika juu. Nimeshazishika nyingi za namna hiyo. Sisemi ndilo lake, nasema asiliruke.

#10 Mama Stesheni
Asanteni sana, hasa Mzee wa Saketi, nimesoma nikarudia. Feni inavuma kawaida, si kwa fujo. Sasa nitapimaje hivi vitu bila kumwita fundi?

#11 Kibodi Kavu
Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Kama ni dirisha dogo, bonyeza maelezo zaidi chini. Utaona safu za asilimia: prosesa, kumbukumbu (hiyo ndiyo RAM), diski, mtandao. Fanya hivyo asubuhi ikiwa bado inasota, halafu tena ukiwa na mteja na vitu vimefunguka. Tuletee namba. Ukiingia sehemu ya utendaji, bofya kumbukumbu, pia itakuonyesha sloti ngapi (matundu ya kuchomekea RAM) zimetumika.

Na uangalie kwenye mipangilio kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Ya biti 32 inahesabu anwani 4,294,967,296 tu, ambazo ndizo hizo GB 4, na sehemu yake huchukuliwa na vifaa vingine. Ukiwa nayo hiyo, RAM ya kuongeza utaichomeka na haitatumika.

#12 Ndugu wa Bukavu
Jambo wote. Mimi niko Bukavu, tunatumia umeme wa Ruzizi, na unapanda unashuka mara nyingi. Mmesahau pawa saplai. Kwangu kulikuwa na mashine ya cyber, ilikuwa inakwama-kwama, tulibadili RAM, tukabadili diski, bure. Tukaweka pawa saplai ingine, ikapona. Umeme dhaifu unafanya mashine inakuwa mlegevu.

#13 Mzee wa Saketi
@Ndugu wa Bukavu pole na umeme. Ila hapo tutofautiane kidogo. Pawa saplai mbovu kwa kawaida hailegezi kompyuta, inaizima ghafla, au inaiwasha upya, au inakataa kuwaka kabisa. Prosesa haipunguzi mwendo kwa sababu volti 12 zimeshuka hadi 11. Inapofika hapo inaanguka.

#14 Ndugu wa Bukavu
Nakusikia mzee. Lakini hadi diski nayo inakula volti 12 ili izunguke. Umeme ukitikisika, kichwa cha diski kinasoma, kinakosa, kinasoma tena. Mwenye kukaa mbele ya kioo ataita ni ulegevu. Mimi niliona na macho.

#15 Kibodi Kavu
Hiyo ya kurudia kusoma ina mantiki. Sikuwahi kuifikiria upande huo.

#16 Dada wa Likoni (Mombasa)
Mkigusa pawa saplai, mwambieni mama aangalie nyuma kama kuna swichi nyekundu ndogo. Baadhi za zamani zina swichi ya 115 na 230. Jirani yangu aliletewa mashine kutoka Marekani na ndugu yake, ikiwa kwenye 115, akachomeka kwenye soketi ya hapa kwetu ya volti 240. Ililia paa moja, moshi, na harufu ilikaa nyumbani mpaka jioni. Bahati njema madabodi ilipona. Nyingi za siku hizi zinajichagulia zenyewe, lakini mtumba hujui ulikopita.

#17 Bingwa255
Dada wa Likoni umenikumbusha, na huko pwani chumvi je? Nasikia RAM zinaota kutu.

#18 Dada wa Likoni
Si uvumi. Miguu ya RAM imepakwa dhahabu nyembamba, lakini sloti yenyewe na vumbi la chumvi hukaa kati. Unawasha, inalia pii pii pii, kioo cheusi. Unazima, unachomoa waya wa ukutani, unatoa RAM, unasugua miguu kwa ufutio wa penseli, unapuliza, unarudisha mpaka vishikio vya pembeni vibane. Wengi wanauziwa RAM mpya kwa jambo la ufutio.

#19 Mtu wa Shangani
Sahihi kabisa, dada.

#20 Mama Stesheni
Nimeangalia. Asubuhi ikiwa inasota: prosesa ilikuwa kati ya 9 na 25, kumbukumbu 71, diski 100 na haishuki. Nikiwa na Word, skana na brauza: prosesa haikuvuka 40, kumbukumbu 91, diski 100 tena. Windows ni biti 64. Sloti zimetumika 1 kati ya 4. Swichi nyekundu haipo.

#21 Bingwa255
Kumbukumbu 91! Nilisema mapema kabisa, posti ya pili ile pale.

#22 Nyamwezi Halisi
Na diski 100 hujaiona? Asubuhi kumbukumbu ilikuwa 71, meza ya cherehani bado ina nafasi, na diski ilikuwa 100 vile vile. Kwa hiyo asubuhi RAM haihusiki. Ni diski.

#23 Bingwa255
Windows haisubiri meza ijae ndipo ianze kuhamisha vitu. Inaanza mapema.

#24 Kibodi Kavu
Mnabishana vitu viwili vinavyotokea pamoja. Ngoja tuhesabu diski. Hadi diski za mezani nyingi huzunguka mara 7200 kwa dakika, ndiyo mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kwa wastani unasubiri nusu mzunguko, 4 na kidogo, ukiongeza kichwa kuhama kama 9, jumla 13 hivi. Maana yake ndani ya sekunde moja inaweza kwenda sehemu tofauti kama mara 75. Kama kila mara inachukua kipande kidogo cha KB 4, hiyo ni KB 300 kwa sekunde! Diski hiyo hiyo ukiipa faili moja kubwa lililokaa mfululizo itakimbia MB 100 na zaidi. Windows inapowaka inaokota maelfu ya vipande vilivyotawanyika, ndiyo maana mama anafagia duka zima.

SSD, ile diski ya kisasa ya vichipu vitupu, haina sahani wala kichwa cha kuhama. Inajibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, au chini. Kwa waya wa SATA, ule wa kuunganishia diski na madabodi, inaishia kama MB 550 kwa sekunde, lakini raha yake haipo kwenye hiyo 550, ipo kwenye vile vipande vidogo.

#25 Chungwa la Tanga
Mara 75 tu kwa sekunde? Na prosesa mapigo bilioni 3.2? Basi prosesa ya mama inashinda imekaa inasubiri.

#26 Kibodi Kavu
Ndiyo hiyo asilimia 9 aliyoiona.

#27 Mzee wa Saketi
Kibodi Kavu umeniwahi, hesabu safi. Niongeze jambo. Diski isiyo na kasoro na diski inayokufa zote zinaweza kuonyesha 100. Inayokufa ina sehemu zisizosomeka, inarudia na kurudia, kama alivyosema ndugu wa Bukavu ingawa sababu ni tofauti. Mama, kabla ya yote nakili kazi za wateja kwenye diski ya nje, leo. Kisha weka programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure. Itakuandikia hali ya diski kwa rangi. Ikiwa njano au nyekundu, tuambie mstari upi.

#28 Jirani wa Soko
Wakuu samahani nachomekea. Nami nina hadi diski imeandikwa 500 lakini kompyuta inaonyesha 465. Nimeibiwa GB 35?

#29 Kibodi Kavu
Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 500 kwa hiyo, utapata 465. Ungeibiwa kama ingekuwa SSD feki, ile imeandikwa TB 2 juu na ndani ni flashi ndogo. Hizo zipo nyingi sokoni. Ukinunua, jaza na kusoma tena kwa programu ya H2testw kabla muuzaji hajakusahau sura.

#30 Jirani wa Soko
Shukrani, nimelala usingizi.

#31 Kijana wa Kidato cha Nne
Kaka zangu naomba kuuliza. Mimi nimeona mahali kuwa ukichomeka flashi ukawasha ReadyBoost, flashi inakuwa RAM. Kwa nini mama asifanye hivyo, maana ni bure?

#32 Kibodi Kavu
Mdogo wangu, ReadyBoost ilikuja na Windows Vista. Flashi haigeuki RAM. Inatunza nakala za baadhi ya vitu vya diski ili visomwe haraka kuliko kwenye sahani. Kwa mashine ya RAM GB 1 ya enzi zile ilisaidia. Flashi za kawaida ni polepole sana kuandika, kwa mama sioni faida. Lakini endelea kuuliza, ndivyo tulivyojua wote.

#33 Mtu wa Shangani
Kijana, kaa hapa hapa. Mtihani wa shule hautakuuliza haya ila maisha yatakuuliza.

#34 Mtasha wa Kariakoo
Nimesoma uzi wote. Mimi nauza mashine za mtumba zinazopitia Dubai na nitasema wazi: huyo fundi wa tatu ana hoja, hata kama ana biashara yake. Usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Core kizazi cha nane na kuendelea, na kichipu cha usalama TPM 2.0. Kizazi cha nne hakimo. Mama akiweka SSD na RAM leo, anapaka rangi nyumba ambayo hati yake imeisha. Anajaza vyeti vya watu na namba za NIDA kwenye mashine isiyopata viraka vya usalama, yale marekebisho ya kuziba mianya ya wadukuzi.

#35 Nyamwezi Halisi
Microsoft waliweka mpango wa kuendelea kupata viraka hadi Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Na SSD akinunua si mali ya kompyuta hiyo tu, siku akibadili mashine anaihamisha.

#36 Bingwa255
RAM je, ataihamisha? Hiyo ni ya aina ya DDR3. Mashine za kizazi cha nane ni DDR4, aina iliyofuata, pengo la katikati limekaa sehemu nyingine, haiingii hata kwa nguvu. Miguu 240 kwa 288. Hapo nakubali, RAM ataiacha hapo hapo.

#37 Mtasha wa Kariakoo
Umesema vema. Na mama asije akauziwa ya laptopu. Ile ni fupi, DDR3 yake ina miguu 204. Wateja wananijia nayo mkononi kila mara, wameuziwa kwa vile maandishi ni "DDR3 GB 4".

#38 Mwenda Pole (Kisumu)
Kuna njia ya tatu hamjaitaja: Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Haiulizi kizazi cha prosesa, inapokea viraka, RAM GB 2 inawaka na GB 4 inakaa vizuri. LibreOffice, programu yake ya kuandikia, inafungua nyaraka za Word. Mimi ofisi yangu yote iko hivyo.

#39 Mama Stesheni
Ndugu wa Kisumu asante, ila skana yangu na printa ya kopi nimepewa CD za Windows, na wanafunzi wanaleta kazi zimepangwa kwa Word, zikihama mistari wananigombeza mimi.

#40 Mwenda Pole
Jaribu kwa flashi bila kuisimika, itakuonyesha kama skana inaitambua. Usifute kitu.

#41 Mzee wa Saketi
Maana yake, Mtasha ana haki kuhusu tarehe, lakini hilo ni suala la usalama wa programu. Mama aliuliza kinachomfanya asubiri. Tusichanganye.

Na mnajua kwa nini leo tunaweza kukaa tukashauriana "toa hiki, weka kile"? IBM walipotoa PC yao tarehe 12 Agosti 1981, mfano 5150, waliijenga kwa vifaa vya kununua kwa wengine. Prosesa ya Intel 8088 ya MHz 4.77, RAM ikianzia KB 16. Wakaacha sloti wazi na kuchapisha michoro ya saketi. Wengine wakaiga, Compaq wakatoa ya kwao ya kubeba mwaka 1983. Mwaka 1995 Intel wakaleta vipimo vya ATX, matundu ya skrubu na plagi za pawa saplai zikawa na kanuni. Ndiyo maana fundi wa Morogoro anaweza kuweka kifaa cha Taiwan kwenye boksi la mtumba na kikakaa. Simu yako huwezi kuifanyia hivyo.

#42 Chungwa la Tanga
KB 16! Barua moja ya mama yenye picha ya pasipoti haitoshei.

#43 Mtasha wa Kariakoo
Mzee, hiyo ya ATX ni kweli kwa mashine za kuunga. Hizi za maofisini, hasa boksi jembamba, nyingi zina madabodi na plagi za pawa saplai za mtengenezaji mwenyewe. Pin 24 za kawaida hazipo. Mama asinunue pawa saplai ya dukani kabla hajafungua akatazama plagi.

#44 Mzee wa Saketi
Kweli, hilo liongezwe.

#45 Mama Stesheni
Nimerudi. Kazi za wateja nimenakili zote. CrystalDiskInfo imeandika njano. Mstari wenye njano ni wa sekta zinazosubiri, yaani sehemu za diski zilizokataa kusomeka. Halafu kijana wa duka la jirani kaniazima RAM ya GB 4 ya DDR3, tumechomeka sloti ya pili, sasa inasoma 8. Mchana nikiwa na vitu vyangu vyote kumbukumbu ni 55, na Word na brauza zinapokezana bila kunitoa jasho. Lakini asubuhi ilisota vile vile, diski 100.

#46 Bingwa255
Mchana umepona kwa RAM. Nimemaliza.

#47 Nyamwezi Halisi
Asubuhi bado, kwa diski. Na njano umeiona.

#48 Kibodi Kavu
Tena kwa kuweka kijiti cha pili kwenye sloti sahihi, madabodi inasoma vijiti viwili kwa pamoja. DDR3 ya 1600 kila njia inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, njia mbili 25.6. Kama picha inachorwa na prosesa, na yenyewe inafaidi. Kwa hiyo sehemu ya nafuu ya mchana huenda ni hiyo.

#49 Bingwa255
Kwa kuandika barua? Hiyo njia ya pili hataihisi, mkuu. Ni ukubwa.

#50 Ndugu wa Bukavu
Na hizo sekta za njano, nani aliziharibu? Diski haiharibiki bure. Umeme ukikatika wakati kichwa kinaandika, ndiyo matokeo. Mama akiweka SSD bila UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, tutamuona hapa tena.

#51 Mtu wa Shangani
Au ni uzee tu. Diski ya mtumba imeshazunguka miaka ofisini kabla ya kumfikia. CrystalDiskInfo inaonyesha masaa iliyowashwa, mama hebu tuambie.

#52 Mama Stesheni
Imeandika masaa 31,204, imewashwa mara 2,870.

#53 Kibodi Kavu
Gawanya, ni kama masaa 11 kila ikiwashwa. Ilikuwa ya ofisi, inawashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Haikuwa inakatikiwa umeme ovyo, @Ndugu wa Bukavu.

#54 Ndugu wa Bukavu
Hiyo ni hesabu ya wastani ya maisha yake yote. Siku ya kukatika moja tu inatosha.

#55 Dada wa Likoni
Mama, SSD ya GB 240 ya SATA inakutosha kwa Windows na kazi zako. Nunua dukani wanapokubali uipime kwanza. Ya inchi 2.5 ni ndogo kuliko nafasi ya hadi diski yako, uliza na kibati cha kuifungia. Wengine wanaibandika kwa gundi ya pande mbili, SSD haina kinachozunguka kwa hiyo haijali, ila usiiache inaning'inia na waya.

#56 Mama Stesheni
Hiyo hadi diski ya zamani niitupe au niiache humo humo kama kabati la pili?

#57 Nyamwezi Halisi
Iache kwa picha na vitu ambavyo una nakala yake kwingine.

#58 Mzee wa Saketi
Siungi mkono. Yenye sekta zinazosubiri ikikwama kusoma, Windows nzima inaweza kusimama kuisubiri, hata kama yenyewe ipo kwenye SSD. Itoe.

#59 Nyamwezi Halisi
Mzee, inategemea. Ukiiandika upya yote, sekta zinazosubiri hupimwa, nzima zinarudi, mbovu zinabadilishwa na za akiba. Nimetumia za namna hiyo muda mrefu.

#60 Mtasha wa Kariakoo
Kwa muziki sawa. Kwa vyeti vya watu, hapana. Mama, ukifungua boksi hesabu waya bapa wa SATA unaotoka pawa saplai. Kwenye mashine za aina yako plagi za umeme wa diski mara nyingi ni mbili tu, moja imeshikwa na kisoma CD. Ukitaka vyote vitatu, SSD, diski ya zamani na kisoma CD, utahitaji kigawanyishi, na chagua kile ambacho waya zimebanwa kwenye plagi, si zile zilizomiminiwa plastiki nzima, hizo zimeshawahi kuyeyuka.

#61 Mama Stesheni
Kisoma CD sikitumii. Nitachomoa hicho. Jumamosi duka likifungwa mapema kijana wa jirani ananisaidia, nitaleta namba za asubuhi ya Jumatatu.

#62 Kijana wa Kidato cha Nne
Mama, kama kisoma CD hukihitaji na kinafanya kazi, naomba nikinunue. Hapa shuleni tuna CD za mitihani ya zamani na hakuna pa kuzisomea.